Kilichozikwa ardhini kiwekewe alama: maoni yangu kutoka Oklahoma

Naishi Oklahoma, Marekani, na nyumbani ni Dodoma. Watu wakiniuliza huku kuna nini cha kuiga, hutegemea nitaje barabara au hospitali. Mimi nataja nguzo za mashambani.

Ukiendesha gari kuelekea Cushing, mji ambao mabomba ya mafuta hukutana kutoka kila upande, utaziona kwenye mipaka ya mashamba ya ngano. Ni nguzo ndefu, juu yake mabamba mawili yameegemeana kama paa la kibanda, na kila bamba lina namba kubwa nyeusi. Namba hiyo si ya mwenye gari, ni ya rubani. Sheria ya huku inataka njia ya bomba la mafuta ikaguliwe angalau mara 26 kwa mwaka, na zisipite wiki 3 bila ukaguzi, na kampuni nyingi hutumia ndege ndogo zinazoruka chini chini. Rubani akiona katapila linachimba karibu na njia ya bomba, au majani yamekauka mahali pamoja wakati ya jirani ni mabichi, dalili kwamba huenda bomba linavuja, anataja namba ya nguzo iliyo karibu, na wenzake walioko chini wanajua pa kwenda.

Penye barabara au reli kuna alama nyingine, fupi, ya sisi tunaopita kwa miguu na magari: neno la onyo, kilichomo ndani ya bomba, jina la mwenye bomba na namba ya simu. Halafu kuna 811. Namba hiyo ya simu ilianza kutumika nchi nzima mwaka 2007. Kabla ya kuchimba, hata kama ni shimo la nguzo ya uzio nyumbani kwako, unapiga bure, na baada ya siku chache wataalamu wanakuja kupuliza rangi juu ya udongo. Manjano ni gesi na mafuta, nyekundu ni umeme, chungwa ni nyaya za mawasiliano, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni maji taka. Mara ya kwanza kuona uwanja wa jirani umechorwa hivyo, nilisimama nikausoma kama barua.

Nina mazoea ya kuchangia OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, na nguzo hizi ndizo kazi ninayoipenda zaidi. Kila nguzo unaiweka kama nukta, unaandika ni ya kuonekana kutoka angani au ya kando ya barabara, ni ya gesi, mafuta au kebo, namba yake na mwenye nayo. Kwenye picha za angani nguzo yenyewe mara nyingi huioni, unaona kivuli chake tu. Nukta zikiwa nyingi, mstari unajitokeza. Ila ramani hiyo haikupi ruhusa ya kuchimba: kati ya nguzo mbili bomba linaweza kupinda, na kina chake hubadilika.

Nasi nyumbani? Tangu serikali ianze kuhamia mwaka 2016, Dodoma inachimbwa kila siku. Barabara, nyumba, mitaro ya maji, kebo. Mtaani kwa dada yangu, Nkuhungu, mkandarasi mmoja alikata bomba la maji akichimba mtaro. Familia zikarudi kwenye madumu, na maji ya kununua yakapanda bei siku hiyo hiyo. Aliyejua bomba lilipopita alikuwa mzee mmoja, fundi mstaafu, aliyelilaza mwenyewe ujanani. Hakuna aliyemuuliza. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu hapo ndipo tunapowazidi Wamarekani: mtaa wetu una kumbukumbu. Huku jirani yangu hajui kilicho chini ya nyasi zake mpaka apige simu. Kwetu mwenyekiti wa mtaa anaweza kukuonyesha kwa kidole. Tatizo ni kwamba mzee yule akifariki, ramani inaondoka naye.

Na sasa si maji peke yake. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Kwa Mkoa wa Dodoma linapita Kondoa na Chemba. Mafuta yale huganda, ndiyo maana bomba limebuniwa kupashwa joto, na karibu njia yote limefukiwa. Mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya bomba, mtu anaruhusiwa kuuvuka na mifugo, lakini si kujenga wala kupanda miti ya mizizi mirefu. Mkulima wa alizeti wa Chemba atakumbukaje mpaka huo miaka 20 ijayo, shamba likiwa la mwanawe?

Najua jibu nitakalopewa nikisema nasi tuweke alama na ramani kama hizo: alama za chuma zitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na ramani ya wazi itawasaidia wezi. La kwanza lina dawa, tumia zege au plastiki. La pili silikubali. Mwizi wa mafuta halitafuti bomba kwenye ramani, anauona mkuza uliofyekwa. Marekani nao wana hofu hiyo, na ramani ya serikali yao inaonyesha mabomba makubwa wilaya kwa wilaya bila kukuruhusu ukuze hadi uone kila hatua. Hicho kipimo kingetutosha.

Na wao hawakufika hapo kwa hekima tu. Mwaka 1999 bomba la petroli lilipasuka Bellingham, jimbo la Washington, na vijana 3 wakafa, wawili kati yao wakiwa na miaka 10. Uchunguzi ulikuta lilikuwa limejeruhiwa na mashine ya kuchimba miaka kadhaa nyuma. Sitaki Kondoa ijifunze kwa njia hiyo.

Kwa hiyo walioko Kondoa, Chemba na Dodoma mjini, naombeni mnisaidie. Ukikuta kijiguzo cha zege cha kebo kando ya barabara kuu, bikoni ya mkuza au kibao cha bomba la maji, piga picha namba ikisomeka, washa eneo kwenye simu, kisha kiweke kwenye ramani. Ukishindwa, nitumie, nitakiweka mimi. Na kama mtaani kwenu yupo fundi mstaafu, anzeni naye.