Mary Robinson: tumpime kwa urais au kwa uwakili?

Wengi wakimtaja Mary Robinson wa Ireland wanaanzia 1990 alipokuwa rais wa kwanza mwanamke wa nchi ile, sawa, ila mi naona kazi yake iliyokaa zaidi aliifanya mahakamani.

Chukua kesi ya Airey. Mama wa Cork anataka mahakama imtenganishe na mume mkorofi, hela ya wakili hana, na serikali haisaidii mtu kwenye kesi kama hiyo. Robinson akamsimamia kama wakili wake mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg, 1979 Ireland ikashindwa, na mwaka uliofuata ikabidi waanzishe msaada wa kisheria kwa kesi za madai. Yani maskini wengi tu ambao hata hawamjui walipata wakili kupitia kesi ile moja! Lakini huyohuyo akiwa seneta alipeleka muswada wa kuruhusu uzazi wa mpango, wenzake hata kuujadili wakagoma, akagombea ubunge 1977 na 1981, kote akaanguka.

Wanaomtetea kama mwanasiasa nao wana hoja nzito. Urais wa Ireland hauna madaraka makubwa, serikali iko kwa waziri mkuu, ila 1992 alienda Somalia wakati wa njaa na dunia ikageuzia macho huko, 1993 akampa mkono Gerry Adams, kiongozi wa Sinn Féin, chama kilichohusishwa na wapiganaji wa IRA, huko Belfast, Ireland Kaskazini, wakati serikali ya Uingereza haitaki kabisa. Hayo wakili angeyafanyaje?

Kinachoniuma ni haraka ya kuhama. 1997 aliacha urais karibu miezi mitatu kabla muda haujaisha awahi kazi ya haki za binadamu UN. Halafu 2013 akaletwa kwetu Maziwa Makuu kama mjumbe maalum wa UN, kusimamia mkataba wa Addis Ababa uliosainiwa na nchi 11 kwa ajili ya amani ya Kongo, 2014 tayari kahamishiwa masuala ya tabianchi. Kweli M23, waasi wa mashariki mwa Kongo, walipigwa Novemba 2013 na yeye alisukuma wanawake wasikilizwe, hilo simnyimi, ila 2021 M23 wakarudi. Strasbourg kulikuwa na hukumu ambayo Ireland ilibidi iitii, mkataba wa Addis ulikuwa na saini tu, na mjumbe wa mwaka mmoja na kitu hana cha kumlazimisha mtu.