Mabao yetu kayaandika nani?

Kuna mtoto wa mfanyakazi mwenzangu hapa Detroit kaniharibia Jumapili. Kaniuliza kwa adabu zake zote: kwenu nani kaifungia timu ya taifa mabao mengi kuliko wote? Nikajifanya simu inaita.

Yeye alikuwa ananimwagia habari za Sam Crawford kama anamzungumzia babu yake. Crawford ni wa Wahoo, Nebraska, alijifunza unyozi kabla ya kuanza kulipwa kucheza besiboli. Alianzia Cincinnati 1899, akaja Detroit 1903, akalinda eneo la nyuma la uwanja hadi 1917. Alifariki 1968. Na bado mtoto wa shule anajua alipiga mapigo ya besi tatu 309. Siyo "kama mia tatu hivi". Ty Cobb, aliyekuwa naye timu moja na hawakuivana hata kidogo, anamfuatia kwa 295.

Pigo hilo ni kazi: unapiga, unatoka nduki, unazipita besi mbili (vile vituo vya kukanyaga) na kufika ya tatu kabla mpira haujarudishwa. Enzi zile mpira ulikuwa mlaini na viwanja vipana, ukipenya kati ya walinzi unabiringika weee. Siku hizi uzio uko karibu. Ndiyo maana rekodi ile hakuna aliyeigusa.

Sasa njoo kwetu Tanzania. Bao la Peter Tino kule Ndola, Zambia, 1979, lililoipeleka Taifa Stars Kombe la Afrika, tunalijua wote, hata tuliokuwa hatujazaliwa. Lakini waulize wazee watatu kijiweni Kariakoo alifunga mangapi akiwa na Stars. Utapata namba tatu na ugomvi juu.

Najua mnachosema: "Kapanda ndege juzi, leo anatufundisha kuhesabu." Jamani, besiboli yenyewe inanichosha, saa zima watu wamesimama wanatafuna na kutema. Utamu wa mpira uko kwetu. Simba ilifika nusu fainali ya Afrika 1974, na nakiri hivyo nikiwa Yanga damu, mjue imeniuma.

Na hawa Wamarekani nao si malaika. Enzi za Crawford, mchezaji mweusi hakuruhusiwa kwenye ligi zao kubwa. Takwimu za ligi za weusi zimeingizwa kwenye rekodi rasmi 2024 tu, na palepale Josh Gibson wa ligi hizo akamshusha Cobb kileleni kwa wastani wa kupiga, yaani katika kila majaribio elfu mangapi yalizaa pigo safi: .372 kwa .367. Lakini waliwezaje? Watu walikaa na magazeti ya zamani wakahesabu mechi moja moja. Magazeti hata sisi tulikuwa nayo. Gazeti la Uhuru lilikuwepo.

"Kuhesabu mabao ya marehemu kunaleta ugali?" Hakuleti. Basi na wewe usinipigie saa nane za usiku nije kuamua ubishi wenu wa nani mfungaji bora wa Yanga wa miaka yote.