Ule unga mwekundu nyuma ya puli sio vumbi la Dodoma

Wadau, leo nina neno na mafundi wetu na sisi wenyewe tunaopenda mbio za magari, na nalisema kwa uchungu maana wiki iliyopita nimeshika krenki, ile shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni, mkononi imeliwa pale mbele kama muwa uliotafunwa, na krenki hiyo mwaka jana ilikuwa nzima kabisa.

Gari ni Subaru Impreza ya jamaa yangu, injini EJ20 turbo, tunaiandaa kwa rali kwenye gereji ya uani huku Kizota. Miezi kadhaa nyuma tulivyotoa belti nikaona pale puli, lile gurudumu la belti, inapokutana na shafti ya krenki kuna unga mwekundu unaoelekea kahawia, laini kama poda. Fundi akaniambia "bosi hilo vumbi tu la njia ya Mvumi, piga upepo tuendelee". Nikakubali, maana nani asiyelijua vumbi letu, linaingia mpaka kwenye chai. Tukapuliza, tukakaza bolti, gari ikaondoka.

Kumbe ni chuma. Vumbi la barabarani linatapakaa kila mahali na ukilipangusa chini yake chuma ni kizima, ila ule unga unatoka kwenye maungio yenyewe, unakaa duara moja tu, na chini yake utakuta vishimo vidogo vidogo. Ni chuma kimesagika kikawa kutu.

Krenki haizunguki kwa ulaini kama tunavyodhani. Kila silinda ikiwaka krenki inapigwa teke, inajipinda kidogo halafu inarudi, na injini ya silinda 4 ikiwa kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika ni mateke 14,000 ndani ya dakika hiyo moja. Sasa kama habu, yaani kitovu cha puli kinachovaa kwenye shafti, haijashikwa vizuri, kila teke inasogea kidogo sana, hata kwa jicho huoni, chuma kinasugua chuma, chembe zinang'oka zinageuka kutu ngumu, na ile kutu inakuwa msasa unaoendelea kula pande zote mbili.

Kauli inayoniudhi kuliko zote ni ile ya "kii si ipo, itashika". Jamani! Kazi ya kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji kati ya shafti na puli, ni kuweka puli mahali pake, mzigo unabebwa na mbano na msuguano. Injini ya S55 ya BMW M3 na M4 haina hata hiyo kii pale mbele, inategemea msuguano wa habu iliyobanwa na bolti. Siku kii ikianza kubeba mzigo inagonga mfereji wake mpaka unapanuka, puli inacheza, gia ya timingi (inayopanga valvu zifunguke kwa kufuatana na pistoni) nayo inacheza, na kwa EJ20 kama yetu timingi ikiruka valvu zinakutana na pistoni. Halafu kuna wanaokata kopo la soda wanazungushia kwenye shafti ili puli ibane, hiyo alumini laini inapondeka mapema sana na unabaki palepale, tena na uchafu zaidi.

Kwa puli inayoingia kwa mkono kama ya EJ20, safisha nyuso zinazobanana mpaka ziwe kavu, hakuna grisi pale, kisha bolti ikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba ya kitabu cha injini hiyo. Bolti ya mbele ya 2JZ, injini ya Toyota, inataka zaidi ya Nm 300 (kipimo cha nguvu ya kukaza), bomba la kurefushia spana na nguvu za kijana havijui namba hiyo.

Dampa za mbio, yaani puli zinazopunguza mtikisiko wa krenki, zinazoingia kwa kubana ni habari nyingine. Nyingi zinataka tundu liwe dogo kuliko shafti kwa kama mm 0.02 hadi 0.04, na unywele wa kichwani ni karibu mm 0.07, kwa hiyo macho hayapimi hapa, tafuta maikromita, kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana. Ukiisukuma kavu vyuma vinang'ang'aniana na kuchanana, na ukipiga nyundo kipigo kinakwenda hadi kwenye bearingi ya krenki. Paka mafuta kidogo kwenye shingo ya krenki, chemsha habu ya chuma kwenye sufuria la maji, tundu la mm 35 linafunguka kama mm 0.03, kisha ivute taratibu kwa kifaa chake. Habu ya alumini mimi siiamini kwenye shafti ya chuma, maana alumini inapanuka karibu mara mbili ya chuma, joto la injini likiongezeka kwa digrii 80 mbano wote wa mm 0.03 umekwisha.

Krenki ya jamaa yangu imeshindikana, tumepata nyingine. Jana tumeipima shingo sehemu tatu, tumeweka kii mpya, na fundi yuleyule ndiye aliyekwenda mwenyewe Majengo kuazima toki renchi.