Mshipa wa Fahamu Unaota, Waambieni Wagonjwa

Kaka yangu alijikata kifundo cha mkono akipasua samaki aina ya migebuka pale Kibirizi, Kigoma. Mshipa wa fahamu ukakatika. Ulishonwa, kidonda kikafunga, lakini kidole cha mwisho kikabaki na ganzi kama si chake. Mwezi wa pili kituo kimoja cha afya kikamwambia, "Uzoee tu." Akaacha mazoezi. Hilo liliniuma sana.

Mshipa wa mkononi ukishaunganishwa huota kwa takriban milimita 1 kwa siku, tena huchelewa kuanza. Nilichukua rula: kutoka kovu hadi ncha ya kidole ni sentimita 16. Miezi miwili ingetosha vipi?

Kinachokula muda ni ujenzi. Uzi wa neva, yaani uzi mmoja kati ya zile zilizomo ndani ya mshipa wa fahamu, una kiunzi chake ndani, na mbele kabisa una ncha iliyotanuka kama kiganja, yenye vidole vyembamba vinavyopapasa njia. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliieleza mwaka 1890, baada ya kuiona kwenye kiinitete cha kuku. Vidole hivyo vinasimamishwa na nyuzi za protini iitwayo aktini, zinazoongezwa mbele huku zikivutwa nyuma bila kukoma. Aliyewahi kusukuma mtumbwi kwa upondo kule Malagarasi anajua: upondo ukishika chini, unasukuma nyuma na chombo kinakwenda mbele, ukiteleza, unatoka jasho palepale. Aktini nayo ikipata pa kushika, ncha inasonga. Mirija ya mikrotubuli, ambayo ni sehemu ya kile kiunzi, yenye upana wa nanomita 25 tu, inafuata upande ulioshika, na hapo uzi unakuwa umerefuka. Vinkristini, dawa ya saratani, huivuruga mirija hiyohiyo, ndiyo maana baadhi ya wanaotibiwa nayo hupata ganzi vidoleni.

Sisemi kila mshipa hurudi. Nyuzi za uti wa mgongo hukwama, kwa kuwa kovu na mazingira ya pale huifanya ncha inywee. Hata wa mkononi huenda usirudi kama zamani. Lakini mgonjwa ana haki ya kupimiwa kwa rula na kuambiwa miezi yake.

Mwezi wa tatu mtaalamu wa viungo alimgongagonga kaka kwa kidole, kuanzia kwenye kovu kwenda mbele. Katikati ya kiganja akaruka: kama umeme umempiga kwenye kidole cha mwisho! Hapo ndipo ncha ilipofika. Tukaweka alama kwa kalamu. Wiki mbili baadaye mshtuko ulikuwa umesogea mbele karibu upana wa kidole, na kaka akaomba mpira wake wa kubonyeza.