Nigori nayo imechujwa

Kuna maelezo yanayoniudhi kila ninapoyakuta kwenye menyu za migahawa ya Kijapani nje ya Japani: "sake isiyochujwa". Mhudumu anakuletea chupa ya nigori, aina ya sake (pombe ya mchele ya Kijapani) iliyo nyeupe kama tui, anakwambia hii haikuchujwa, nawe unakubali kwa sababu unayaona machicha yakielea. Lakini imechujwa. Sheria ya kodi ya pombe ya Japani hairuhusu kinywaji kiitwe seishu, ambalo ndilo jina rasmi la sake, mpaka kiwe kimepita kwenye chujio. Tofauti kubwa iko kwenye upana wa matundu. Silisemi hili kwa kupenda ubishi wa maneno. Anayedhani nigori ni pombe iliyoachwa bila kumaliziwa huinunua vibaya na kuinywa vibaya.

Aliyelelewa kwenye jiko la pwani atanielewa upesi. Nazi ikishakunwa, ukiikamua kwa kifumbu kilichosukwa kwa kubana, tui hutoka laini. Ukitumia chujio la matundu makubwa, hutoka na chembechembe ulimini. Watengeneza sake hufanya vivyo hivyo. Mchele hukobolewa sana, huoshwa, hupikwa kwa mvuke, na sehemu yake huoteshwa kuvu iitwayo koji. Koji hugeuza wanga kuwa sukari, na humo humo kwenye pipa hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kilevi, kazi mbili zikienda sambamba kwa wiki tatu au nne. Kinachopatikana ni uji mzito, moromi. Ukikamuliwa kwa nguo nzito, sake hutoka angavu na machicha hubaki nyuma. Ukipitishwa kwenye chujio pana, au machicha kidogo yakirudishwa kwenye sake angavu, hiyo ndiyo nigori. Jina limetoka kwenye kitenzi chenye maana ya kuvurugika, kama maji ya kisima yaliyotibuliwa.

Ule uji usiochujwa kabisa una jina lake: doburoku. Ilikuwa pombe ya wakulima nyumbani kwao, hadi mwaka 1899 serikali ilipopiga marufuku watu kujipikia, maana kodi ya pombe ilikuwa imegeuka kuwa nguzo kubwa ya mapato yake. Marufuku hiyo haijaondolewa mpaka leo. Kijiji cha Shirakawa, mkoani Gifu, huitengeneza kwa kibali kwa ajili ya sikukuu za mavuno, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kumekuwa na maeneo maalumu, kama Tono huko Iwate, ambako mkulima mwenye nyumba ya wageni anaweza kupewa leseni. Nigori tunayoijua leo ilitokana na hamu ya pombe hiyo. Miaka ya 1960, kiwanda cha Tsukino Katsura cha Fushimi, Kyoto, kilipata njia ya kuwarudishia watu ladha ile nyeupe bila kuvunja sheria: chujio la matundu makubwa.

Kuna mkanganyiko mwingine, na huu huwapata hata wanywaji wazoefu. Utakuta chupa imeandikwa muroka, nayo hutafsiriwa "isiyochujwa" vilevile, kumbe ndani ni sake angavu kabisa. Muroka maana yake haikusafishwa kwa unga wa mkaa baada ya kukamuliwa. Mkaa huondoa rangi, na huondoa ladha pia. Sake za kiwanda cha Kamoizumi cha mji wa Saijo, mkoani Hiroshima, kwa mfano, zinajulikana kwa rangi ya dhahabu kwa sababu mkaa hautumiki. Ukiagiza "isiyochujwa" ukitarajia weupe wa tui, ukaletewa kitu chenye rangi ya asali nyepesi, usimlaumu aliyekuletea. Neno ndilo lenye kosa.

Nimeitaja Saijo kwa sababu ndiko nilikojifunzia haya nilipokuwa mwanafunzi. Ukishuka kwenye treni, hatua chache tu unakutana na mabomba ya moshi ya matofali mekundu ya viwanda vya sake, na mbele ya baadhi yake kuna visima ambavyo watu wa mji huja kuteka maji. Chupa yangu ya kwanza ya nigori niliinunua kwenye duka dogo la mtaani. Nikaishika shingoni, nikaanza kuitikisa kwa nguvu kama tunavyotikisa boksi la Chibuku. Mzee mwenye duka akanishika mkono. Akaisimamisha ya kwake mezani, akachukua vikombe viwili. Cha kwanza akamimina sehemu angavu iliyokuwa juu. Kisha akaziba chupa, akailaza taratibu upande mmoja, akairudisha upande wa pili, na machicha yakaanza kupanda kutoka chini kama moshi wa ubani. Ndipo akamimina cha pili. Chupa moja, vinywaji viwili: cha kwanza kikali kidogo na chenye harufu ya tunda, cha pili kizito, kitamu, kinachofunika ulimi wote. Tangu siku ile sijawahi kuinywa kwa namna nyingine.

Kwa hiyo dukani mimi huanza na macho. Chupa iliyosimama bila kuguswa huonyesha machicha yamejaa kiasi gani. Tabaka la kidole kimoja tu huwa ni usunigori au origarami, nyepesi, inayokwenda na chakula bila kukizidi nguvu. Tabaka linalofika nusu ya chupa ni shibe, anza na kikombe kidogo. Kama lebo ina kipimo cha nihonshudo, namba ya kutoa huelekea kwenye utamu na ya kujumlisha huelekea kwenye ukavu, yaani utamu kupungua. Nigori nyingi zinazouzwa nje ni tamu sana, na ndiyo maana watu wengi huiona kama kinywaji cha baada ya chakula. Naona wanaikosea heshima. Zipo nigori kavu, zenye uchachu, zinazoonyesha mchele kuliko sukari, na hizo ndizo ninazozitafuta.

Kisha natafuta herufi moja, 生, inayosomwa nama. Ikiwepo peke yake karibu na jina la sake, ujue haikupashwa moto kuua vijidudu, na makazi yake ni jokofuni tangu kiwandani hadi kwako. Niliwahi kununua chupa ya nama kwenye duka moja la Ulaya lililokuwa limeiweka rafuni, dirishani, juani. Nilipoifungua ilinuka kama karanga zilizovunda na jibini kuukuu. Iliniuma, kwa sababu najua kazi ya baridi kali iliyomwagwa ndani ya chupa ile. Kama duka halina jokofu, nunua iliyopashwa moto.

Nama nyingine bado ina hamira hai, na gesi inaendelea kujijenga ndani. Hizi huitwa kassei nigori, nazo huanza kuonekana madukani baridi inapoingia. Iweke wima, ipoe vizuri, usiitikise hata kidogo. Fungua kizibo robo ya mzunguko. Utaona povu likipanda mbio na machicha yakijikoroga yenyewe; funga, subiri lishuke, fungua tena. Chupa moja huweza kunichukua dakika kumi, na siku niliyofanya haraka nusu yake iliishia sakafuni.

Na chakula? Saijo tulikula chaza wa Hiroshima waliokaangwa, pamoja na usunigori kavu ya baridi, na sijapata mwenza mwingine wa chaza anayeifikia. Nigori nzito na tamu naipeleka kwenye pilipili. Nimeinywa na pweza wa nazi mwenye pilipili mbuzi, na ule ubaridi mweupe ulituliza ulimi bila kuua ladha ya mchuzi. Nigori kavu, majira ya baridi, naipasha moto ndani ya birika la udongo lililokaa kwenye maji ya moto, taratibu, bila kuchemka. Harufu yake hugeuka kuwa ya wali unaokauka jikoni.

Chupa ya nama ikishafunguliwa nakusudia kuimaliza ndani ya siku chache. Yale machicha ya mwisho yanayogoma kutoka huyasuza kwa kijiko cha chumvi na maji kidogo, nikalaza humo vipande vya samaki usiku mzima. Asubuhi navifuta, navichoma juu ya makaa yaliyopoa kidogo, maana sukari ya mchele huungua kabla samaki hajaiva.