Darsa za vyuo vikuu, kwa Kiswahili chetu

Ami yangu ni fundi wa friji mtaa wa Majengo, hapa Mombasa. Kazi aliishika kwa mikono tangu ujana. Huisikiliza kompresa inavyonguruma, akagusa bomba la nyuma kwa kidole, akakwambia gesi imepungua. Jioni moja tumekaa nje ya karakana yake, alinipa simu: "Hebu nifasirie, mwanangu. Mwalimu huyu asema nini?"

Ilikuwa video ya somo la joto na nishati kutoka chuo kikuu cha MIT, Marekani. Tuliitazama mpaka kahawa ikapoa. Mwalimu alikuwa akieleza kwamba kimiminika chenye shinikizo kikipita kijibomba chembamba na kutokea penye shinikizo dogo, huchemka na kufyonza joto la kilicho karibu nacho. Ami akainuka bila neno. Alirudi na kapilari kuukuu ya shaba, kile kijibomba chembamba cha friji, akaishika mbele ya simu. "Miaka yote hii naikata na kuichomea. Nilijua ikiziba friji haigandishi. Sasa nimejua kwa nini."

Tangu siku hiyo naamini tumekuwa tukizitazama kozi hizi za bure za vyuo vikuu mtandaoni kwa jicho lisilo lake. MIT ilitangaza mwaka 2001 kwamba itaweka masomo yake wazi kwenye intaneti kwa yeyote, bila ada, bila kujiandikisha, na bila cheti. Mwaka 2012 zikaja Coursera na edX, tovuti za kozi za vyuo vikuu. Ukimtajia mtu habari hizi hapa Mombasa, swali la kwanza ni, "Na cheti je?" Simlaumu. Katika mji huu huingii ofisi bila karatasi, na cheti cha kozi hizo mara nyingi hulipiwa. Lakini swali hilo likitangulia, mtu kama ami hufunga mlango kabla hajachungulia ndani.

Na sisi hatukuwa hivyo. Baada ya Magharibi, katika misikiti yetu, sheikh hufungua kitabu, wakamzunguka kuli wa bandarini, muuza samaki na mtoto wa shule. Hakuna anayeulizwa amefika darasa la ngapi. Sheikh husoma msitari wa Kiarabu, akaufasiri kwa Kiswahili, watu wakauliza, akaendelea. Hiyo ndiyo elimu ya maisha tuliyoikuta kwa wazee. Kozi nyingi za vyuo hivyo ni za Kiingereza, na kinachokosekana ni yule wa kuketi katikati na kufasiri.

Bando ni kikwazo pia, na inaniuma. Nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS ziliibuka kutoka baharini hapahapa Mombasa mwaka 2009, na bado fundi wa Majengo humaliziwa bando katikati ya somo. Dawa yetu ni ndogo: masomo mengi ya MIT yanaruhusiwa kupakuliwa. Nayapakua mara moja penye waifai, kisha tunapeana kwa memori kadi.

Mimi mwenyewe nilikuwa nikianza kozi peke yangu usiku na kuiacha wiki ya tatu. Hii ya joto na nishati sijaiacha, kwa sababu kila Alhamisi kuna watu wananingoja: ami, wanagenzi wake wawili, na jirani anayesomea umeme. Nasimamisha video kila dakika chache, nafasiri, tunabishana. Neno likinishinda, wao ndio hunipa, maana mafundi wana majina ya vitu ambayo sijayaona katika kamusi yoyote.

Kwa hivyo nawaomba nyinyi mliosoma, mnaokijua Kiingereza vizuri: toeni jioni moja kwa wiki. Tafuteni fundi, mkunga, mvuvi, muulizeni angependa kujua nini katika kazi yake, kisha mtafutieni somo lake.

Alhamisi hii tunaingia kanuni ya pili ya joto na nishati, ile isemayo joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye joto. Ami ameshaandika swali lake kwenye daftari la risiti: mbona friji za wateja wake hufa zaidi wakati wa kaskazi kuliko kusi?