Kabla Hatujasema Mama Amekataa Chanjo

Surua ikizuka Kaskazini Mashariki mwa Kenya, lawama huwa tayari: wazazi hawana elimu, wamekataa chanjo kwa sababu ya imani zao. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu (KDHS) wa 2022 ulionyesha kwamba watoto wapatao 8 kati ya 10 nchini walikuwa wamekamilisha chanjo za msingi. Katika Kaunti ya Garissa, iliyoko huko Kaskazini Mashariki, hawakufika hata 3.

Wanaolaumu imani wana hoja. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake imetiwa homoni ya kuzuia uzazi. Serikali, WHO na UNICEF zilikanusha, lakini neno lilikuwa limeshasambaa, na mwaka uliofuata waumini wakaambiwa wasusie hata matone ya polio. Kule Tharaka wapo waumini wa dhehebu la Kavonokia, ambao kwenda hospitali kwao ni kupungukiwa imani. Hao hata ukiwapelekea nesi mlangoni watakataa. Siudharau woga huu. Mwanamke aliyesikia kanisani kwamba sindano itamfunga kizazi ana haki ya kuuliza, na anastahili kujibiwa kwa upole.

Lakini kaunti zinazoshika mkia ni Garissa, Mandera na Wajir, ambako Wakatoliki ni wachache mno. Huko watu hufuata maji na malisho, na chanjo hufuata kalenda: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha ya surua miezi 9 na 18. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikula misimu mitano ya mvua mfululizo. Familia iliyohamisha mifugo wakati huo haikukataa chochote. Ilikuwa mbali tu.

Tena kuna jambo ambalo halihesabiwi kabisa. Niliwahi kuketi kwenye benchi la zahanati moja, mama akaingia na mtoto wa miezi 9 mgongoni, viatu vimejaa vumbi. Nesi akatazama kijitabu chake, akatazama benchi.

"Mama, leo watoto ni wachache, siwezi kufungua chupa. Rudi Alhamisi."

"Sista, nimetoka mbali."

"Najua, mama."

Nesi yule hakuwa na roho mbaya. Kichupa cha surua kina dozi 10, na kikishachanganywa lazima kitumike ndani ya saa 6, kinachobaki kimwagwe. Akikifungulia mtoto mmoja, dozi 9 zinapotea, na wiki ijayo huenda friji ikawa tupu. Hata hivyo, mwongozo wa WHO ni kwamba kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na mimi nakubaliana nao: dozi iliyomwagwa huagizwa tena, lakini mama aliyerudishwa huenda asirudi. Asiporudi, rejista itamwandika mtoto wake miongoni mwa walioacha chanjo, nasi mjini tutasema wazazi wale ni wagumu.

Vichupa vya dozi 5 vipo. Bei ya kila dozi hupanda kidogo. Kwa kaunti hizo tatu, ningeanza kulipa tofauti hiyo kabla ya kuchapisha bango jingine la kuhamasisha.